Shangazi, mke wangu amekuwa mbogo kwa sababu ya mbogo

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanamume wa miaka 34, mzaliwa wa Pangani, fundi wa majokofu na viyoyozi hapa Dodoma. Nimekulia kwenye samaki. Kwetu mtoto anajua kumtoa changu miiba kabla hajajua kufunga kamba za viatu, na nyama tunaiona harusini na sikukuu. Leo nakuandikia kwa sababu ya nyama, na nyama yenyewe si ya zizini.

Karakana yetu ina mafundi saba. Mwaka jana wenzangu walianzisha mchango: kila mwisho wa mwezi mmoja wetu ananunua nyamapori kwenye bucha yenye kibali, mama ntilie wa jirani anaipika, tunakula pamoja. Wameshakula swala, pofu, nyumbu, na ngiri kwa wale wanaoruhusiwa na dini zao. Mimi mchango natoa kila mwezi, ila sahani ikifika nasimama: "Jamani, nakwenda swala." Mara ya kwanza waliniamini. Mara ya pili mmoja akaniinulia bakuli: "Unakwenda swala gani tena, na swala huyu hapa?" Tangu siku hiyo jina langu pale karakana ni Swala Tano.

Utani wao hauishi, Shangazi. Mwezi wa tatu mwenzetu mmoja alipiga simu asubuhi kwamba haji kazini, amepata ngiri. Simu ikakatika. Saa saba mchana mafundi watano walikuwa mlangoni kwake na unga wa ugali, ndimu na pilipili. Wakamkuta kalala chali, anasubiri siku ya kufanyiwa upasuaji.

Sasa nije kwenye kilichonileta. Niliogopa nikija kuionja mbele yao itanishinda kumeza, nami nitachekwa hadi nistaafu. Nikaona nijizoeze nyumbani kwanza. Nilipita bucha nikanunua kilo moja ya mbogo, nikamletea mke wangu kwenye mfuko wa kaki, nikamwambia ni nyama ya ng'ombe. Naye akaifungua kwa furaha, akaanza kukata vitunguu. Risiti ilikuwa chini ya mfuko. Imeandikwa "nyati".

Mke wangu ni mtu wa upole. Jioni ile aliwaka. Alisema sufuria yake haiingii mnyama ambaye yeye humwona kwenye televisheni tu, akaitupia nyama kwenye friza, na mpaka leo, siku ya tisa, tunaongea kuhusu umeme, maji na ada ya shule. Kilo yenyewe bado iko kwenye friza kama jiwe.

Binti yetu wa miaka 6 alisikia ugomvi wote. Juzi mama yake akasema anakwenda kununua kima atengeneze sambusa. Mtoto akaangua kilio, akaikumbatia miguu ya mama yake, anauliza kama kima ana mtoto. Ilichukua nusu saa kumtuliza, na sambusa hazikupikwa.

Juu ya hayo, shemeji yangu aliyeko Katavi amesikia habari hizi, naye anataka kunisaidia. Amesema kuna jamaa anaweza kumpatia nyama kavu ya porini nusu gunia kwa bei ya kutupa, ataipakia kwenye basi Ijumaa ijayo. Nilipomuuliza ni nyama ya nini, akacheka: "Wewe kula tu, utaijua kwa utamu."

Na bibi yangu, aliyenilea, aliwahi kutuambia utotoni kwamba sisi hatuli pongo. Sababu hakusema. Pongo mwenyewe simjui hata kwa sura.

Shangazi, nile au nisile? Nikila, nianze na nani? Nitampatanishaje mke wangu na nyama hii? Na mzigo wa shemeji niupokee?

Ni mimi,
Mvuvi wa Nchi Kavu, Dodoma

*

Marahaba, mwanangu. Umeandika yote, hata yale yasiyokupamba, na hilo limenirahisishia kazi.

Nianze na mkeo, maana katika barua hii nzima ndiye mwenye hoja nzito kuliko wote. Unasema amekuwa mbogo kwa sababu ya mbogo. Mimi nilivyosoma, amekuwa mbogo kwa sababu ya ng'ombe: yule ng'ombe uliyemtunga mwenyewe mlangoni kwako. Ulimlisha nyama ya ulimi kabla hujamlisha ya nyati. Mtu anayekupikia anaweka mikono yake kwenye kitu alichoambiwa ni hiki, kisha anakitia kinywani mwake na mwa mtoto wake. Angekuwa na mwiko wa kwao? Angekuwa na kitu kinachomdhuru? Nanyi ni watu wa swala. Hakustahili kuuliza aliyemchinja ni nani na kamchinja vipi? Maswali yote hayo uliyafunga ndani ya mfuko wa kaki.

Basi usiku wa leo, mtoto akishalala, mwambie mkeo: "Nilikudanganya kuhusu ile nyama. Nimekosa, nisamehe." Ishia hapo. Utani wako mzuri wa swala na mbogo uweke akiba kwanza, kwa sababu mtu aliyekasirika ukimtania unamwongezea pembe. Akishanyamaza, muulize kwa nini hataki nyama hiyo, kisha usikilize mpaka mwisho. Katika barua yako nimetafuta mahali ulipomuuliza, sikupaona. Huenda anaogopa maradhi, huenda anawahurumia wanyama, huenda ni kinyaa tu, na kinyaa nacho ni sababu halali kwa mtu mwenye mwili wake. Akisema hali kabisa, basi hali, na usimrudie kila wiki.

Halafu mnunulie kanga. Nasema kanga ya nguo, usije ukarudi na ndege! Wazee wa pwani husimulia kwamba nguo ile iliitwa hivyo kwa sababu madoa yake yalifanana na manyoya ya kanga. Chagua yenye jina la kuomba radhi, yeye ni mtu wa kusoma, ataelewa.

Kuhusu sufuria yake, yuko sahihi. Nenda sokoni ukanunue sufuria yako na mwiko wako. Mkeo ana miiko miwili, mmoja wa moyoni na mmoja wa jikoni: wa moyoni usiuvunje, wa jikoni usiuazime.

Sasa shemeji, na hapa naweka utani pembeni kabisa. Mpigie simu leo, usingoje Alhamisi. Mwambie: "Shemeji, ahsante kwa moyo wako, lakini mzigo huo usinitumie, na wewe pia usiushike." Nyama ya mnyamapori isiyo na kibali ni nyara ya Serikali, na kukutwa nayo ni kosa chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009. Watu wengi hawajui jinsi thamani inavyohesabiwa. Mtu akikamatwa na vipande vichache vya nyama kavu, hesabu huwa ya mnyama mzima. Katika kesi nyingi pundamilia amethaminiwa kwa dola 1,200 za Marekani na nyumbu kwa dola 650, hata kama kilichokutwa ni paja. Gunia lenye vipande vya wanyama watatu ni wanyama watatu. Ile "bei ya kutupa" anayoisema, atakayetupwa ni wewe, na ni ndani. Mkeo na mtoto mtawaachia nani?

Tena fikiria nyama yenyewe ilivyopatikana. Majangili wengi hutega nyaya. Waya hauchagui: unamnasa swala, unamnasa twiga mguu, unamnasa simba shingo, na jike mwenye mimba unamnasa vilevile. Mnyama anaweza kukaa hapo siku nzima, au mbili, anavuta na waya unazidi kuzama. Mimi hilo linaniuma, siwezi kulisema kwa lugha nyepesi. Nyama ya namna hiyo hakuna daktari wa mifugo aliyeiona, hakuna anayejua mnyama alikufa lini, wala kama alikuwa mzima alipoanguka.

Kwa sababu kuna mizoga inayookotwa pia, na humo ndimo kimeta kinamoishi. Mwaka 2004 na 2005 kimeta kiliingia kwa viboko wa Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth nchini Uganda, wakafa wapatao 300. Kiboko anamshinda simba, anapindua mtumbwi, lakini kimeta kikawa kiboko ya viboko. Vijidudu vyake hutengeneza mbegu ngumu ambazo moto wa kawaida wa jikoni hauziui kwa uhakika, na mtu anaweza kuambukizwa kwa kuchuna ngozi tu. Ukikausha nyama hiyo, ukaipaka chumvi, ukaipakia kwenye basi, mbegu zinasafiri nayo salama. "Utaijua kwa utamu", anasema shemeji. Kimeta hakina ladha, mwanangu.

Kwa hiyo ile risiti iliyokuumbua ndiyo kitu chema kuliko vyote ulivyoleta nyumbani siku ile. Tangu kanuni za uuzaji wa nyamapori za mwaka 2020 zitoke, Mtanzania anaweza kununua nyama hii kwa uso mkavu, mchana kweupe, kwenye bucha iliyosajiliwa. Kila unapokwenda tazama kibali ukutani, uliza nyama imekaguliwa na nani, uliza aliyechinja ni nani, kisha dai risiti iliyoandikwa jina la mnyama. Muuzaji akianza kuguna, ondoka. Pofu asikufanye kipofu. Na risiti usiitupe mpaka mfupa wa mwisho uishe.

Wasomaji wangu wa Kenya wasiichukue ruhusa hii kama yao. Kule uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977. Mgahawa wa Carnivore jijini Nairobi, uliofunguliwa mwaka 1980, ulijipatia jina kwa kuchoma pundamilia na kongoni, lakini nyama hizo zilikatazwa baadaye. Zilizobaki ni mamba na mbuni wa kufugwa. Kwa hiyo hata wewe, ukiwa na safari ya kupita Namanga, nyama ya bucha ya Dodoma iache Dodoma.

Nile au nisile, umeniuliza. Ukitaka kula, kula. Ila nimeona kwenye barua yako kwamba hamu yenyewe ni ya karakana kuliko ya kwako. Nyumbu wa Serengeti akifika Mto Mara anaruka kwa sababu wa mbele yake ameruka, na chini kuna mamba. Wewe umepewa akili ya kusimama ukingoni ukatazama. Ukiona hutaki, waambie wenzako: "Mimi sili, nitakula ugali na mboga, mchango wangu uwe wa kununulia ndimu na soda." Wanaokupenda watakuchekea wiki mbili kisha watazoea. Lakini lile la kusema unakwenda swala wakati umeshaswali, liache, mwanangu. Usiifanye swala kichaka cha kujifichia. Mwogope swala wa kwenye bakuli ukipenda, huyo hana kinyongo nawe.

Ukiamua kuonja, basi onja kwa mpango. Jitu la bahari kama wewe lisianze na nyati, ambaye nyama yake ni ngumu, nyeusi, na ina nguvu ya mnyama aliyetembea maisha yake yote. Ningekuwa karibu yako ningekuanzishia pofu. Huyu ndiye mkubwa kuliko swala wote, na nyama yake ni laini kiasi kwamba wengi hawaitofautishi na ya ng'ombe. Huko Askania-Nova, Ukraine, pofu wamefugwa na kukamuliwa maziwa kwa miaka mingi kama ng'ombe wa kawaida. Baada yake swala, mwenye nyuzi ndogo ndogo na ladha nyepesi. Nyumbu ana harufu yake, anataka viungo. Mbuni ukimpata wa kufugwa usimkose: huyo aliyembuni alimpa mabawa asiruke na nyama nyekundu utafikiri ni fahali, tena mafuta haba. Mamba nyama yake ni nyeupe, ya mkiani ndiyo bora, nawe wa Pangani utaona kama samaki aliyekwenda kukaa na kuku. Ila kuhusu kuliwa kwake wanazuoni wametofautiana, muulize sheikh wako kwanza. Ngiri ni ukoo wa nguruwe, huyo hakuhusu. Wenzako wanaomla waambie wampike mpaka ndani kusibaki wekundu hata kidogo, nyuzi 71 za Selsiasi kwenye kiini cha nyama, kwa sababu ngiri anaweza kubeba minyoo ya trikinela, nayo huingia kwenye misuli ya mlaji ikakaa. Wasipofanya hivyo watapata ngiri na taabu nyingine juu yake.

Twiga usimtaje mezani hata kwa mzaha, ni mnyama wa Taifa letu. Kakakuona vilevile, na yeyote anayekunong'oneza kwamba anaye, mkimbie. Tembo wa porini na tembo la mnazi kwako vyote viwili havipo, yule kwa sheria na lile kwa dini. Na ukiona mezani nyama zote zinaitwa "swala" na bei ni ya chini mno, kumbuka walisema katika msafara wa mamba na kenge wamo.

Sasa ile kilo iliyoganda. Usiitupe. Mnyama alishakufa, pesa ilishalipwa, risiti ipo. Kwanza mpate aliyeuza akuthibitishie uchinjaji wake. Ukiridhika, na mkeo akiridhia ipikwe nyumbani, ipike mwenyewe, kwa mikono yako, kwenye sufuria yako. Akikataa isipikwe pale, mpelekee mama ntilie wa karakana. Nakueleza mapishi ya pwani, kwa sababu Mungu alikupa nazi na sioni wenzako wa bara wakiitumia kwenye nyama hii inavyostahili.

Tatizo kubwa la nyamapori ni ukavu. Mnyama wa porini hana mafuta ya kukaa kwenye nyama, anayachoma kwa kukimbia. Ndiyo maana wanaomchoma kama mbuzi wanaishia kutafuna mkanda. Toa nyama kwenye friza usiku wa kwanza, iyeyukie chini ndani ya jokofu, isiyeyukie mezani. Wewe fundi unajua kwa nini. Asubuhi ondoa ule utando mweupe unaong'aa wote, maana huo haulainiki hata ukipika mpaka Idi. Kata vipande ukikatiza nyuzi. Loweka kwenye maziwa mgando na tangawizi na kitunguu saumu kilichopondwa, uiache mpaka siku ya pili. Wengine husugulia papai bichi, nalo linafanya kazi kweli, lakini nusu saa inatosha, kisha osha. Ukilisahau huko unarudi unakuta nyama imekuwa uji.

Siku ya kupika, kaanga kwanza vipande mpaka vibadilike rangi, vitoe. Kwenye mafuta yale yale weka vitunguu vingi, nyanya, bizari nzima iliyotwangwa, pilipili manga. Rudisha nyama, mimina tui jepesi, lile la pili, mpaka izame. Funika. Moto uwe mdogo sana, unaona povu moja moja tu linakuja juu. Nyati anataka saa mbili na nusu hadi tatu. Ukimharakisha anakasirika, na wewe umeshamwona mbogo mmoja nyumbani mwezi huu. Ikishalainika ndipo unatia ndizi mbichi au viazi. Tui zito linaingia mwisho kabisa, na hapo ndipo mwiko wako mpya unapata kazi: koroga upande mmoja, polepole, usiache mpaka linapochemka mara moja, vinginevyo linakatika na mchuzi unakuwa chengachenga. Zima. Kamulia ndimu. Ule kwa wali.

Ubao na kisu ulivyokatia nyama mbichi osha kwa sabuni na maji ya moto kabla hujagusa kachumbari. Najua umechoka kusoma, lakini hilo usiliruke.

Binti yako nimemwonea huruma. Mweke mapajani umweleze kwamba neno ni moja, vitu ni viwili. Kima wa mtini ni "wa": anapanda, anakula matunda, ana mtoto kweli. Kima ya sambusa ni "ya": inatoka kwa ng'ombe kwenye mashine ya kusagia. Mpeleke na mama yake buchani aione inavyosagwa, ataelewa na atakula. Na mwambie kwamba yule wa mtini hatumli nyumbani kwetu, umaanishe. Mizizi ya virusi vya UKIMWI ilifuatiliwa hadi kwa sokwe wa kusini-mashariki mwa Kamerun, na inaaminika vilimfikia mtu kwa damu ya mawindo. Huko Gabon na Kongo kumekuwa na milipuko ya Ebola iliyoanza na watu waliogusa mizoga ya sokwe na gorila. Popo nao waache na usiku wao. Virusi vya Marburg, vilivyofika Kagera mwaka 2023, huishi ndani ya popo wala matunda. Huyo mtoto aliyelia kwa ajili ya kima ana moyo mzuri kuliko anavyojua, asichekwe.

Nimebakisha bibi. Pongo ni mnyama wa jamii ya swala, wa ukubwa wa mbuzi, mwenye rangi ya kahawia na madoa meupe mwilini. Hukaa vichakani karibu na maji na anapenda kutembea peke yake. Koo nyingi katika nchi zetu zina mnyama wao wasiyemla. Kwa Baganda kuna ukoo unaoitwa kwa jina lake huyo huyo pongo, wao humwita ngabi, na mtu wa ukoo huo hamli. Kuna na ukoo wa nsenene ambao hawali senene hata msimu wake jirani wote wakiwa wanakaanga. Usipomla pongo hutapungukiwa na kitu, nyama ziko nyingi. Ila mpigie bibi yako umuulize sababu, na umpigie wiki hii. Huenda ni hadithi ya babu fulani aliyeokolewa na mnyama, huenda ni kiapo, huenda kuna jina la mtu ndani yake ambalo binti yako anapaswa kulijua. Akiondoka nalo, hakuna bucha litakalokuuzia.

Kwa kilo hiyo moja zinakutosha nazi mbili kubwa. Nyingi za hapo Dodoma zimekaa sana njiani, kwa hiyo kabla hujalipa itikise kila moja sikioni, na isiyo na maji mrudishie mwenyewe.

Shangazi